Filamu Ikichelewa Kufika Mwanza

Septemba 2021 filamu ya Vuta N'Kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Toronto, Kanada. Hadithi ni ya Unguja, imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, na lugha yake ni hii tunayoongea sokoni Kirumba, hapa Mwanza. Mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar, ikiwa ni mara ya pili tu kwa nchi yetu kufanya hivyo, baada ya filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001. Kwa hiyo mkazi wa Toronto alipata nafasi ya kuiona kazi ya Mtanzania kabla ya mkazi wa Igoma, Nyegezi au Nansio.

Kila mpenzi wa filamu wa Kanda ya Ziwa analijua pengo hilo. Mwongozaji unayempenda anatangaza kazi mpya, kionjo kinatoka, unakiangalia mara kumi, halafu kimya. Miezi inapita. Mtu wa Dar es Salaam anapiga simu kukusimulia mwisho wake. Wiki chache baadaye kijana wa dukani anakwambia anayo tayari, leta flashi. Ukiipeleka, unarudi nyumbani na picha iliyorekodiwa kwa simu ndani ya ukumbi, kichwa cha mtazamaji mmoja kimeziba kona ya chini, na maneno ya stelingi yanasikika kama yanatoka ndani ya pipa.

Tunaweza kusubiri vizuri zaidi ya hapo. Filamu ni kama boti: ikikosa mwalo wa kutia nanga, inapita kwa mbali na kwenda kwingine. Mashabiki wa Mwanza tuna uwezo wa kuijengea filamu mwalo, ifike mapema, ifike ikiwa nzima, na fedha yake imrudie aliyeitengeneza. Kazi hiyo inaanza siku filamu inapotangazwa.

Anza kwa kuijua njia yake. Enzi za Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga aliyefariki Aprili 2012, njia ilikuwa fupi. Filamu ya Bongo ilitoka kwa mtayarishaji, ikaenda kwa msambazaji wa Dar es Salaam kama Steps Entertainment, ikachapwa kwenye diski, ikapakiwa kwenye basi, na baada ya siku chache ilikuwa mezani kwa muuzaji wa Mwanza, sehemu ya kwanza na ya pili zikiuzwa mbalimbali. Haikupita ukumbi wowote. Nyumbani ndiko kulikokuwa ukumbi wenyewe. Shabiki alitakiwa kujua jambo moja tu: mzigo unaingia lini.

Siku hizi njia imekuwa ndefu, na hasa kwa waongozaji wanaolenga matamasha. Filamu inaanza kwenye tamasha la nje, inarudi kwenye tamasha la ndani kama ZIFF ya Zanzibar, inaingia kwenye kumbi za sinema kwa muda mfupi, ndipo inauzwa kwa televisheni au kwa huduma za mtandaoni. Kila hatua ina mkataba wake, na mkataba wa hatua moja mara nyingi unaizuia filamu isitoke kwenye hatua nyingine kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana mtayarishaji anaweza kukaa kimya wakati filamu imekamilika kabisa. Chukua filamu ya Binti, kazi ya Seko Shamte: ilizinduliwa Machi 2021, ikaingia Netflix Januari 2022. Hiyo ni miezi kumi, na kwa filamu ya Kitanzania hiyo ni kasi nzuri. Ukiwa na kipimo hicho kichwani, hutamtukana mtayarishaji mwezi wa tatu, wala hutakimbilia flashi mwezi wa nne.

Habari za filamu zitafute kwenye chanzo chake. Fuatilia kurasa za kampuni ya utayarishaji, za mwongozaji mwenyewe, kisha za watu wawili watatu ambao mashabiki wengi huwasahau: mpiga picha, mhariri na mtunzi wa muziki. Hao ndio hudokeza mapema kwamba kazi imefika hatua fulani. Mhariri akisema amemaliza, jua bado kuna sauti, rangi na maandishi ya tafsiri. Mtunzi wa muziki akisema amekabidhi kazi, anza kuhesabu. Mabango ya kuvutia yanayosambaa bila jina la kampuni yapuuze, na vionjo pia, maana sasa hivi mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kutengeneza kionjo cha filamu isiyokuwepo. Filamu itakayooneshwa hadharani nchini hupita kwanza Bodi ya Filamu Tanzania, ambako hukaguliwa na kupewa daraja la umri. Ukisikia daraja limetolewa, uzinduzi hauko mbali.

Muda wa kusubiri una matumizi makubwa kuliko kuhesabu siku. Kama filamu imetoka kwenye kitabu, soma kitabu. Vuta N'Kuvute ilichapishwa mwaka 1999 na Mkuki na Nyota, na imesomwa na wanafunzi wengi wa sekondari, lakini kuisoma kwa ajili ya mtihani na kuisoma kwa ajili ya filamu ni kazi mbili tofauti. Safari hii msome Yasmini, binti mdogo aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima wa rika la baba yake, ukijiuliza: kurasa hizi mwongozaji atazionesha vipi bila msimulizi? Denge na harakati zake za siri dhidi ya wakoloni zitaonekana kwa mwanga gani, mchana au usiku? Mwajuma, shoga yake Yasmini, mtu wa taarabu, atasikika kabla hajaonekana? Riwaya ina mamia ya kurasa na filamu ina kama saa moja na nusu, kwa hiyo kuna watu na safari zitakazoachwa. Andika pembeni unachodhani kitaachwa. Siku ya kuitazama utaona uamuzi wa mwongozaji waziwazi, na utapata la kubishania zaidi ya kusema kitabu ni kizuri kuliko filamu.

Kama filamu haina kitabu, rudi kwenye kazi za zamani za mwongozaji huyo na uzitazame kwa mpangilio wa miaka. Kwa Shivji ungeanza na Shoeshine ya mwaka 2013, filamu fupi ya kijana mng'arisha viatu, ukaenda Samaki Mchangani, ukafika T-Junction iliyofungua ZIFF mwaka 2017. Ukizitazama mfululizo unaanza kuona kinachojirudia: watu wa pembezoni wanaosimulia mambo makubwa kwa sauti ya chini, barabara na vijiwe ambako maisha hukutana, subira ya kamera. Hiyo ndiyo raha ya kuwa na mwongozaji wako, nayo huipati kwa kutazama filamu moja moja iliyokatika na nyingine. Usizitazame zote kwa usiku mmoja. Moja kwa wiki mbili inatosha, na iwe na watu.

Watu hao ndio nguzo ya mambo mengine yote nitakayosema. Tafuta wenzako saba au kumi: jirani, mwalimu wa Kiswahili, fundi simu anayependa picha za vita, mwanafunzi wa mawasiliano ya umma wa chuo cha SAUT pale Malimbe, mama lishe ambaye hakosi tamthilia. Msifanane sana. Kundi la watu wanaopenda kitu kilekile kwa sababu ileile huchoka haraka. Mkutane nyumba kwa nyumba, mchangie umeme na chai, na mwekeane miiko miwili: filamu ikianza simu zinazimwa, na aliyewahi kuitazama hasimulii mwisho. Mwiko wa pili ni mgumu kwetu, maana kusimulia picha ni starehe ya zamani. Mwenye hamu ya kusimulia apewe nafasi baada ya filamu kwisha, naye aanze kwa kusimulia alichokiona yeye tu ambacho wengine wamekikosa.

Sasa ukumbi. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2018, kuhusu kumbi za sinema za Tanzania katika karne iliyopita. Anaeleza jinsi familia zilivyovaa nguo nzuri Jumapili kwenda kuona picha, jinsi tiketi za filamu za Raj Kapoor zilivyogombewa na kulanguliwa, na jinsi mikanda ilivyozungushwa mji kwa mji. Watu wa wakati huo walijua kusubiri. Filamu ilikuwa ikianzia mji mwingine, na wao walijua zamu yao itafika kwa sababu palikuwa na ukumbi unaoisubiri. Sisi leo hatuwezi kuwa na uhakika huo kwa kila filamu ya Kitanzania. Ikitangazwa kwamba filamu itaoneshwa Mwanza, piga simu ukumbini kuthibitisha saa na siku, kisha nenda wiki ya kwanza. Usingoje wiki ya pili. Mwenye ukumbi huamua Jumatatu, kwa kuangalia mauzo ya Ijumaa hadi Jumapili, kama filamu ibaki au ipishe nyingine. Viti vitupu vya Jumamosi ndivyo vinavyoifukuza filamu ya Kiswahili mjini. Kundi la watu kumi waliokuja pamoja siku ya pili lina uzito kuliko watu hamsini wanaopanga kuja mwisho wa mwezi.

Na kama filamu haikupangiwa Mwanza kabisa? Iombe. Hapa ndipo mashabiki wengi hukata tamaa bila sababu, maana watayarishaji wa filamu huru hupenda kazi yao ionekane, na wengi hawajawahi kupokea barua ya maana kutoka Kanda ya Ziwa. Barua ya maana haisemi tu kwamba tunakupenda sana, njoo Mwanza. Inataja mahali penyewe na idadi ya watu wanaoweza kukaa. Inapendekeza tarehe mbili. Inasema kama kutakuwa na kiingilio, ni kiasi gani, na mapato yatagawanywa vipi. Inaeleza mashine na spika mlizonazo, nani atashika faili la filamu, na mtazuia vipi lisinakiliwe. Inaahidi taarifa ya maandishi baada ya onyesho. Barua ya ukurasa mmoja yenye mambo hayo hujibiwa, kwa sababu imemwondolea mtayarishaji kazi ya kufikiri. Mkijibiwa kwamba mkataba wa tamasha hauruhusu kwa sasa, ulizeni unaisha lini, mwandike tena wiki hiyo.

Ruhusa ya mwenye kazi ni nusu ya safari. Onyesho la hadhara linahitaji pia vibali, kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Nendeni mapema kwa Afisa Utamaduni wa wilaya yenu, iwe Nyamagana, Ilemela au Ukerewe, mkiwa na barua ya mtayarishaji na daraja la filamu mkononi. Mwoneni pia mwenyekiti wa mtaa, na kama ni ufukweni, viongozi wa BMU wanaosimamia mwalo. Mzee wa mwalo akisalimiwa vizuri na kuelezwa mapema, atawapa eneo, ulinzi na watu. Akikuta turubai limeshatundikwa bila yeye kujua, ana haki ya kulishusha.

Onyesho la ufukweni linastahili maelezo marefu, kwa kuwa ndilo linaloweza kuipeleka filamu kwa watu ambao hakuna ukumbi wala huduma ya mtandaoni inayowafikia. Jambo la kwanza ni mwezi. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza: taa zao huwavuta dagaa usiku usio na mwezi, na mwezi ukipevuka taa hizo hazifui dafu. Siku hizo hukaa nchi kavu, wakishona nyavu na kupumzika. Ukipanga onyesho Kayenze, Igombe au kisiwani siku za giza, utapata watoto na wachuuzi wachache, wanaume wote wako majini. Panga siku za mwezi mpevu, upate mwalo mzima. Kwa hiyo kalenda ya kwanza ya mwonesha filamu wa ziwani ni ya mwezi. Tarehe ya uzinduzi wa Dar es Salaam ije baadaye.

Mwezi mpevu una tatizo lake: hufifisha picha. Suluhisho ni upande. Mwezi mpevu huchomoza mashariki jua likizama, kwa hiyo geuza uso wa turubai utazame magharibi, mwanga wa mwezi uishie mgongoni mwake. Jua la Mwanza huzama karibu na saa moja jioni na machweo huchelewa kufifia upande wa ziwa, basi usianze kabla ya saa moja na nusu. Dakika hizo zitumie kwa kionjo, kwa muziki, au kwa mtu kueleza mwongozaji ni nani na filamu zake za nyuma zilihusu nini. Watu huvutiwa wakijua kwamba aliyetengeneza picha hii ana historia.

Kuhusu mashine, projekta ya mwanga wa lumeni 3,000 inatosha kwa turubai la upana wa mita tatu usiku. Mkilazimisha turubai la mita sita kwa projekta hiyo mtapata picha iliyopauka. Ukuta uliopakwa chokaa ni bora kuliko shuka, kwa sababu upepo wa ziwa hulitikisa shuka na nyuso za waigizaji zikakunjamana. Kama hamna ukuta, tumieni turubai zito, mlifunge pande zote nne pamoja na chini, na kwa bahati nzuri huku kwetu mawe ya kufungia kamba hayakosi. Jenereta likae mbali, nyuma ya nyumba au nyuma ya jabali. Sauti ndiyo hupuuzwa kuliko vyote. Mtazamaji husamehe picha yenye giza kidogo, lakini hasamehi mazungumzo yasiyosikika. Spika mbili ziwekwe pande zote za turubai, zimeinuliwa usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama, na mtu mmoja asimame nyuma kabisa dakika kumi za kwanza kazi yake ikiwa moja tu, kusema kama anasikia.

Kuna wadudu wa ziwani pia, wale wanaoinuka majini makundi kwa makundi kama moshi. Hufuata taa. Washeni balbu moja kali mbali na turubai, upande upepo unakotoka, na taa nyingine zote zizimwe. Lenzi ya projekta ipanguswe kila mnapobadilisha kitu. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, msipange onyesho la wazi bila kuwa na darasa au ghala la kukimbilia.

Wapo watakaouliza kwa nini usumbufu wote huu wakati filamu itafika kwenye simu siku moja. Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa Darwin's Nightmare, filamu aliyoipiga hapa Mwanza kuhusu sangara na viwanda vyake. Ikafika hadi kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006, na mwaka huohuo Rais Kikwete akailaani hadharani. Jiji lilichemka. Wapo wengi waliobishana juu yake bila kuiona, wakitegemea walichosikia. Naamini jambo hilo lilituumiza kuliko filamu yenyewe: picha ilizungumza kuhusu sisi, duniani kote, na wengi wetu hatukuwa tumekaa pamoja kuitazama ili tujibu kwa hoja, hapa ametuonea, hapa amesema kweli. Kuitazama pamoja ndiko kunakotupa haki ya kusema neno.

Tuingie nyumbani. Filamu nyingi za Kiswahili hufika majumbani kupitia king'amuzi: Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo ya DStv ni milango miwili ya kuangalia kila mwezi. Ratiba zao husogezwa, na filamu hurudiwa, hivyo ukikosa mara ya kwanza usikimbilie kunakili, angalia marudio ya wiki hiyo. Lipia kifurushi siku mbili kabla, si dakika tano kabla, maana siku ya filamu kubwa kila mtu analipa kwa wakati mmoja.

Ikiwa filamu itaingia kwenye huduma ya mtandaoni, maandalizi ni ya fedha na bando. Huduma za nje hudai kadi ya benki. Asiyekuwa nayo anaweza kutengeneza kadi ya Visa ya mtandaoni ndani ya M-Pesa, na aijaribu kwa malipo madogo kabla ya siku yenyewe. Bando lipime mapema. Kwa Netflix, picha ya ubora wa kati hula takriban GB 0.7 kwa saa, na ubora wa juu hufika GB 3. Filamu ya saa mbili ni kati ya GB 1.4 na GB 6. Tofauti hiyo kwenye skrini ya simu hutaiona, ila kwenye televisheni kubwa utaiona. Ushauri wangu ni kuipakua usiku wa manane mtandao ukiwa umetulia, kisha kuitazama kesho yake bila kukatikakatika. Lakini usiianze kabla hamjawa tayari, kwani baadhi ya filamu zilizopakuliwa ukishabonyeza kuanza hufungwa baada ya saa 48. Anayevuka kwenda Ukerewe au kupanda meli ya usiku ya Bukoba apakue kabla ya kufika bandarini.

Diski bado zina wapenzi wake, nami ni mmoja wao, kwa sababu diski haiondolewi sokoni na mkataba ulioisha. Ukimwagiza ndugu aliyeko Marekani akuletee, mwambie aangalie alama ya ukanda. DVD za Marekani ni za ukanda wa 1, na mashine za huku ni za ukanda wa 5. Blu-ray za Marekani ni za ukanda A, Afrika ni B. Diski za 4K hazina kizuizi hicho. Wengi wamepokea zawadi nzuri kutoka mbali ambayo mashine imeikataa, kwa kukosa kuuliza swali hilo dogo.

Na mvua. Nyumba nyingi zetu ni za bati, na mvua ya Mwanza ikishuka hakuna spika itakayoishinda. Washa maandishi ya chini hata kama filamu ni ya Kiswahili, au subiri ipite. Ukiendelea kwa ubishi utapoteza mazungumzo yaliyoandikwa na kusahihishwa kwa miaka.

Nimeacha suala la flashi hadi hapa makusudi. Anayejaza flashi ni kijana anayetafuta riziki, na mteja wake ni mtu mwenye kiu ya filamu ambayo hakuna aliyemletea. Sina neno kali kwa yeyote kati yao. Lakini mwongozaji wa filamu huru hutafuta fedha ya filamu inayofuata kwa kuonesha namba za ile iliyopita: tiketi, mauzo, maonyesho. Nakala ya flashi haihesabiwi popote. Ukiitazama hivyo, mbele ya mfadhili wewe hukuwepo, Mwanza haikuwepo, na filamu inayofuata itapangwa bila kukukumbuka. Mkiwa kundi, mnaweza kumgeuza kijana huyo kuwa mshirika. Ana projekta, ana spika, anajua mtaa mzima unapenda nini. Mpeni kazi ya kuonesha nakala halali mkiwa na barua mkononi.

Kuna pia zile filamu zilizotafsiriwa kwa sauti ya msimulizi, nazo zina heshima yake. Derek Mukandala, tuliyemjua kwa jina la Lufufu, aliwafanya watu wasiojua Kiingereza wamiliki filamu za dunia nzima kwa sauti yake. Ng'ambo ya ziwa, Kampala, Isaac Nabwana wa Wakaliwood alikwenda mbali zaidi: Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 inatazamwa duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake, na sauti hiyo imekuwa sehemu ya kazi. Nabwana na wenzake waliuza diski mkono kwa mkono mitaani, wakiwahi kabla ya wanaonakili. Kwa filamu ya mwongozaji unayempenda, ningekushauri uitazame kwanza kama alivyoitengeneza, kimya chake kikiwa kimya, ndipo utafute iliyotafsiriwa uifurahie kwa njia nyingine.

Ikiisha, msitawanyike mara moja. Kaeni nusu saa. Mtu mmoja aandike: walikuwepo watu wangapi, walicheka wapi, walinyamaza wapi, mahali gani sauti haikueleweka, swali gani liliulizwa ambalo hakuna aliyeweza kulijibu. Mtumieni mtayarishaji taarifa hiyo kabla ya wiki kwisha, pamoja na mgawo wake wa kiingilio na stakabadhi, na picha moja ya watazamaji waliokubali kupigwa. Mstari wa mwisho wa barua uwe ni kuuliza filamu ijayo imefika hatua gani, na kumjulisha kwamba mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi, mwalo uko wazi.